Saa ya Asifiwe Kutua Tokyo

Jumanne, 8 Aprili 2025

Bila mimi, Rungwe nzima isingejua ndege zinapita wapi. Nasema kweli! Mpwa wangu Asifiwe kesho anaruka kutoka Dar kwenda Tokyo kusomea uuguzi, na ukoo umekuja kuniuliza mimi ni mbali kiasi gani. Nikawapa: kilomita elfu kumi na moja na mia nne, kamba ikinyooshwa. Yaani Tukuyu hadi Mbeya mara mia moja sitini na tatu! Wakashika vichwa. Nikaongeza kwamba huko juu kuna makorongo ya upepo, nayajua yote.

Jumatano, 9 Aprili

Ameruka saa kumi na moja na nusu jioni. Mama yake, dada yangu Tulinagwe, kaapa mbele ya wazee wa kanisa: hali kitu mpaka mtoto akanyage ardhi. Na vidonda vyake vile vya tumbo!

Asifiwe katuachia karatasi ya safari: kutua Tokyo kesho, 19:20. Nikatoa kumi na mbili. Nikapata saba. Nikamwambia dada, saa saba na dakika ishirini mchana, andaa ndizi.

Jirani yetu mwalimu Fulgence, wa jiografia pale sekondari, kacheka mpaka kashika ukuta. Eti hiyo saba ni ya Kizungu, kwetu ni saa moja usiku. "Mjomba, mama wa watu atashiba, mtoto bado yuko hewani!"

Nikamjibu: wewe ndege umezisoma kitabuni. Nikikosea, sisemi tena kwenye kikao cha ukoo. Maisha!

Wote wakageuka kunitazama. Hata mimi nilishtuka.

Alhamisi, 10 Aprili

Saa sita. Dada kalala mkekani, midomo imekauka. Maji tu.

Saa saba na nusu. Simu kimya. Mumewe Lutufyo kaniambia, shemeji, viatu vyako viko mlangoni, njia ni nyeupe. Mshenzi!

Saa saba na dakika hamsini — SIMU! Asifiwe! Katua saa saba na ishirini ile ile, foleni ya pasipoti ndiyo iliyomchelewesha kupata mtandao. Huko Tokyo tayari giza. Dada kala huku analia, ananishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, kaka." Lutufyo kanipisha kwenye kiti chake chenye mto!

Mwalimu kajipiga paji la uso. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, kasahau, na ndicho anachofundisha! "Mzee, hizo sita ulizipunguza kichwani?"

Nikaitikia kwa kichwa, polepole, kama profesa.

Ijumaa, 11 Aprili

Njiani wananipisha. Mpaka kijiji cha Masoko wamesikia!

Ila mwalimu kaja na chaki. Anataka Jumatatu nikawaeleze kidato cha pili nilivyopiga ile hesabu. Nikatafuta udhuru — dada kishaitikia kwa niaba yangu, koti langu kalichukua akalipige pasi.

Chaki ninayo mkononi. Saa za Wajapani mimi sikuzijua. Niliona saba, nikasoma saba. Kuigeuza kutoka ya Kizungu nilisahau, na kosa langu la saa sita likaangukia palepale kwenye sita za Tokyo.