Wimbo Ulionitaja Jina

Woolwich, London

Kwa Riyadh,

Assalamu alaykum. Sisi wazima, ila baridi imeingia na ami Abdulwakil anakohoa tangu Jumapili.

Hongera. Miaka kumi na miwili mmepiga hevi metal huko Toronto na hakuna aliyewajua, kisha wimbo mmoja wa polepole, wa kuachana, ukawatoa. Niliusikia kazini, namlisha uji bibi mmoja mgonjwa. Ukaimba kwa Kiswahili: "Miska, nimekuacha." Kijiko kikaniponyoka.

Ami akasema talaka haina mzaha, mume akishatamka imepita, nikae eda. Nikakupigia nikakwambia. Ukacheka, ukasema ami mtu wa kale.

Nikakaa. Miezi mitatu ile ulipiga simu mara nne, na kila mara uliniuliza kama wimbo unapigwa sana huku. Nami nikikujibu, nikingoja.

Eda imekwisha jana. Tikiti uliyoniletea ya onyesho lenu la London nakurudishia humu.

Kunirejea nako hakuna mzaha, Riyadh. Ungesema "nimekurejea" kabla eda haijaisha, hata kwa kucheka, ningekuwa mkeo mpaka leo.

Miska binti Hussam