Jenerali, Shemeji na Zizi la Baridi

Jumanne, 5 Novemba
Jenerali Choijilsuren kastaafu, kaacha ghorofa Ulaanbaatar, karudi huku kwetu kuchunga! Mtu kaanza kuruta, kapanda mpaka nyota zikajaa mabegani, kaongoza jeshi la kulinda amani huko Afrika — na leo kakimbizwa na beberu lake mwenyewe. Nimecheka mbavu sina. Mimi ndiye niliyekuwa dereva wake kule jangwani. Bila mimi angestaafu koplo. Yeye hasemi hivyo. Aibu tu.

Ijumaa, 8 Novemba
Shemeji Damdin kaanza tena. Eti zizi la chini ya jabali ni lake, alijenga baba yao. Baba mkwe! Yule alishika jiwe moja, akaenda kulala. Nimejenga mimi. Ni pale tu upepo haufiki. Nikilikosa, kondoo wangu wataganda wamesimama.
Norjmaa, mke wangu, ananiambia, "Ni kaka yangu, mpe mkono yaishe." Mkono? Nilishaapa mbele za watu, simpi mkono mpaka nife. Naye kaapa vilevile. Mwigaji!

Jumatatu, 11 Novemba
Jenerali kaja kusuluhisha. "Mimi nimetenganisha majeshi yenye vifaru. Nyie mna mbuzi tu."
Nikamwambia, "Afande, vifaru havina shemeji."
Kapigilia vigingi katikati ya zizi, kila kigingi kakifunga kitambaa cha buluu, vile vya heshima. Huku Damdin, huku mimi, katikati hapiti mtu. Na doria anafanya mwenyewe, juu ya farasi, na darubini!

Jumanne, 12 Novemba
Mbuzi wameutafuna mpaka. Vitambaa vyote! Damdin anasema mbuzi wangu. Nasema wake. Jenerali anasema Afrika hayakumtokea haya. Uongo — ng'ombe walimlia hema, nilikuwepo.

Alhamisi, 14 Novemba
Jenerali katuita hemani kwake, mimi, Damdin na wazee majirani. Nyama, pombe kali, tumebanana. Akaanza kusimulia kazi yake tangu kuruta. Alipofika jangwani nikamsahihisha. Tena na tena. Nikainuka nitoke nje — nikamkanyaga Damdin. Buti zima!
Sijafikiri, mkono ukatoka wenyewe. Wake pia. Ukimkanyaga mtu mguu unampa mkono papo hapo, la sivyo mmekuwa maadui. Tumefundishwa hivyo hata kutembea hatujui! Tukabaki tumeshikana, macho yametutoka.
Jenerali karuka juu, "Mashahidi, mmeona! Wamepeana mkono!" Wazee makofi.
Damdin anapiga kelele, "Huu ni wa mguu! Si wa zizi!"
Na mimi, "Wa mguu tu!"
"Mkono ni mkono," kasema Jenerali, kajimiminia.
Nimelala nawaza. Nilipokuwa nainuka, mtu alinisukuma mgongoni. Na nyuma yangu alikaa Jenerali.

Ijumaa, 15 Novemba
Mbwa wanabweka. Damdin huyo, na kundi lake lote, moja kwa moja zizini! Anachechemea — anazidisha, mzushi yule. Vigingi Jenerali alishaving'oa jana, eti yameisha, na mwenyewe bado kalala na pombe zake.
Nimetaka kutoka na fimbo. Norjmaa kanikalia mlangoni.
Damdin kaja mpaka hemani kwetu, Norjmaa kampisha, kaingia. Salamu hakuna. Kakaa mkabala na mimi. Najifanya naandika.
Kanyoosha mguu, ule mzima. Polepole. Kauleta mpaka karibu na buti langu, kauacha hapo, kama anayengoja kukanyagwa. Anatazama pembeni, anajikuna sikio.
Norjmaa ananikazia macho.
Mguu bado upo —