Ua Ulilolifumua

Somo yangu Vero,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote nimeanza kwa kugombana na wewe. Sasa naandika hivyohivyo, utanisikiliza.

Tangu tukuzike huko Iringa mvua zimekatika, huku kwangu Ilomba ni vumbi tupu. Siku ya kuanua matanga mumeo, Baba Eliza, aliniletea mfuko wako. Akasema, "Shemeji, chukua hii kazi yenu. Hapa hakuna anayejua ni ya nini." Sikumlaumu. Hata sisi hatukujua. Unakumbuka tulivyoianza, tukiwa bado majirani kule mtaa wa Soweto, watu wanatuita Vero mrefu na Vero mfupi? Ulipasua gunia la mchele wa Madibira, ukalitandika mkekani, ukaniambia, "Leo hatufumi vitambaa vya makochi. Leo tunajaribu tu." Wewe ukafuma pembeni kwa kroshia, mimi nikadarizi katikati kwa uzi wa sweta, mishono mingine haina hata jina. Mumeo alipokuhamishia Iringa, kazi ikawa inasafiri kwa basi. Unaongeza chako, unanitumia. Naongeza changu, nakurudishia. Kuulizana hakuna. Jirani yako alipotaka kujua kama ni zulia au pazia ulimjibu, "Subiri, na sisi tunasubiri."

Mfuko niliufungua nyumbani, nimekaa kitandani. Somo, ua langu halikuwepo.

Lile kubwa la njano la katikati, nililohangaika kulidarizi Kwaresima nzima. Limefumuliwa lote, kwenye gunia yamebaki matundu ya sindano. Nilihisi umenipiga kofi. Nimetoka kukulilia siku nne, halafu nakuta hivi. Nilikasirika... namkasirikia vipi mtu niliyemtupia udongo? Nikausukuma mfuko uvunguni. Kanisani wakinipa pole naitikia, moyoni nauliza, nilimkosea nini?

Nikampigia mumeo. Akasema mambo ya nyuzi hayaelewi, akampa simu Eliza. Mwanao akaniambia, "Alifumua mwenyewe, mama mdogo, ile wiki ya mwisho. Nikamwambia, Mama, si ua la mama mdogo hilo? Akasema, somo atajua."

Somo hajui! Somo yako hajui kitu.

Nikautoa tena mfuko, nikaitandaza kazi mlangoni penye mwanga. Ndipo nikaziona safu zako za mwisho. Zimelegea, mkono ulishachoka. Zina njano. Uzi wenyewe umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa. Nikautambua, ni wangu. Ulifumua ua langu ukalifuma ndani ya chako.

Nikadhani uliishiwa uzi. Lakini mfukoni mlikuwa na madonge matatu mazima, hayajaguswa. Sasa? Ulitaka tukae pamoja? Au ua lilikuwa baya, ukashindwa kuniambia? Au ni zile dawa za ugonjwa wako zilikuchanganya, ukaokota uzi wowote uliokuwa karibu? Asubuhi nachagua jibu moja, jioni nalikataa.

Juzi nilifanya jambo, usicheke. Lile pindo lako la bluu, la upande wa pili, nimelifumua safu moja. Uzi wake nikaanza kuudarizi pale penye matundu. Siyo ua. Sijui ni nini. Nikaishia mshono wa nne. Jana nikaendelea. Jibu sijapata, ila nimeshika sindano, na tangu ufe sikuwa nimeishika.

Eliza anakuja huku likizo, anataka nimfundishe. Nimfundishe nini, mimi ninayebahatisha? Wewe ndiye uliyekuwa unajua kuanza. Nimemwambia aje tu. Nitampa gunia na nyuzi, nimwache ajaribu. Na siku akifumua cha kwangu, nitanyamaza. Hilo nakuahidi, somo, ingawa unajua nisivyoweza kunyamaza.

Pumzika. Kama nilikukosea, nisamehe. Kama ni wewe, nimeshakusamehe, hata kosa lenyewe silijui.

Ni mimi,
somo yako