Pikapu Imepata Pumzi, Mama

Shikamoo mama,

Utashangaa mtu kukuandikia barua wakati kaburi lako liko hapo nyuma ya migomba. Lakini nikifika pale nalia, na wewe hukupenda kuelezwa habari za injini na mtu anayelia. Basi nimekaa jikoni nikueleze vizuri.

Siku ya kukuzika, gari lako mwenyewe ndilo lililokubeba kutoka Lushoto mjini kukuleta nyumbani Kwai. Lilipofika kile kilima baada ya daraja, ambacho ukienda unapanda na ukirudi unapanda, likatoa moshi mweusi, likakohoa, likagoma. Wanakwaya wakavua makoti wakakusukuma hadi juu, huku wanaimba. Mchungaji naye alisukuma. Katikati ya kilio nikakusikia kabisa ukiguna: "Nilisema hewa haitoshi."

Na kweli ulisema. Watu wote walikwambia injini imezeeka, wewe ukashikilia kuwa injini ni nzima, ila inavuta vumbi. Tundu la kuvutia hewa liko chini, nyuma ya madigadi, palepale tairi linapotimua vumbi, na kiangazi filta ilikuwa inaziba kila mara. Fundi mmoja akakushauri uitoe filta, injini ipumue. Ukamuuliza kama yeye kwake hunywa maziwa bila kuchuja. Nani mwingine angemjibu hivyo?

Halafu ukaenda ukafunga kitambaa cha kuchujia maziwa kwenye lile tundu. Kinachozuia unywele wa ng'ombe, ulisema, kitazuia na vumbi. Siku za jua kilisaidia kidogo. Ukungu uliposhuka, kitambaa kikalowa, vumbi likawa tope, gari likazimika na maziwa ya watu uliyokuwa unayapeleka mjini yakachachia barabarani. Mwingine angesingizia dizeli. Wewe ulipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye maziwa kwamba kosa ni lako, na kwa mama Elinami nikawakuta mnacheka mpaka mmekaa chini. Nilikuheshimu sana siku ile, sema sikukwambia.

Ndipo ukaja na wazo la bomba. Filta ibaki, ila hewa ichukuliwe juu, usawa wa paa, ambako vumbi ni haba na hewa ni ya baridi. Hukutafuta mbio. Uliwawaza kina mama wa kule juu karibu na msitu, wanaoshuka na ndoo za maziwa kichwani katika utelezi wote ule, kwa kuwa gari letu halikuweza kuwafuata. Ukanunua bomba, ukalilaza stoo. Kisha presha ikakuchukua.

Baada ya matanga kaka Yona akasema gari liuzwe. Sikumlaumu, aliona ulivyosukumwa. Lakini mnunuzi wa Mombo alilitaka kwa ajili ya vyuma chakavu, mama. Gari lako. Nikamwomba Yona aniache kwanza nimalize kazi yako, na likishindwa kilima auze, sitasema neno.

Nililifunga bomba pamoja na Fundi Shemhina, rafiki yako yule wa maneno mengi. Tukalipandisha ubavuni mwa kioo, mdomo wake tukaugeuzia nyuma mvua isiingie. Injini ikawaka, nikapiga makofi. Yeye akauziba mdomo wa bomba kwa kiganja, na injini ikaendelea kunguruma kama kawaida. "Usifurahi," akasema, "mama yako angeninyima chai. Kuna mahali inaiba hewa." Tukatafuta, tukakuta mpira ulio kati ya filta na injini umechanika kwa chini. Vumbi lote lingepita humo, bomba likabaki pambo. Tukaweka mpira mwingine, tukakaza klipu. Akaziba tena, injini ikazimika hapohapo. Sijawahi kufurahia gari kuzimika namna ile.

Asubuhi iliyofuata nikapakia madumu yote ya maziwa. Yona akakaa pembeni yangu, amenuna. Pale kilimani nikaweka gia namba mbili. Likapanda, mama. Halikukimbia, lilipanda tu, kwa sauti nzito iliyotulia, na kwenye kioo cha pembeni sikuona moshi. Tukafika mjini. Maziwa yakapimwa, yakapokelewa yote. Jioni mnunuzi alipopiga simu nikamsikia kaka akimjibu, "Gari lina mwenyewe." Kisha akaingia chumbani kwako, akanitolea kadi ya gari.

Sasa watu wananisifu eti nina akili ya magari. Akili ilikuwa yako, mimi nimekaza klipu. Nakukosa sana, mama. Kuna mambo madogo ya injini ambayo hakuna wa kumwambia akaona raha kama wewe, hata Shemhina ananisikiliza nusu tu.

Pumzika sasa. Gari nitalitunza, na filta nitaisafisha kwa mkono wangu, sitamwachia mtu. Na jana nimetuma ujumbe kule juu: kuanzia Jumatatu kina mama wasishuke. Wakae na ndoo zao mlangoni, nitawafuata.

Mwanao,
Neema