Punje Shingoni mwa Tiger

Kawangware, Jumanne usiku, 1998

Na bado Baba Brayo anataka wembe.

Nimeuficha. Anataka kumpasua Tiger shingo, mbwa wetu tuliyemwokota wakati wa mvua, eti atoe hiyo kitu.

Leo nilimpeleka Tiger kwa chifu, kwenye chanjo ya bure. Daktari akampitishia kamashine shingoni, kakalia pii! Namba ikatokea. "Mama, huyu ana mwenyewe," akasema. Chini ya ngozi kuna kitu kidogo kama punje ya mchele. Hakina betri. Kamashine kakisogezwa karibu ndio kanakiamsha kwa mawimbi ya redio, nacho kinataja namba yake, basi. Kesho daktari ataulizia namba hiyo ni ya nani.

Nimemweleza Baba Brayo hivyo hivyo. Hasikii. "Redio ni redio! Saa hii wanatuona." Amezima hata redio yetu, ati isije ikasaidiana na ya mbwa. Ningecheka, lakini mbwa wa namna hiyo ni wa kule Lavington kwa matajiri, na wenyewe wakija watakuja na polisi. Nani ataamini tulimwokota? Na watoto nitawaambia nini...

Tiger amelala mlangoni kama kawaida.

Kuna jambo sijamwambia Baba Brayo. Hiyo punje haijui tunakaa wapi. Daktari aliniuliza akiandika kadi ya chanjo, na mimi, kwa furaha ya kusikilizwa, nikamwelekeza vizuri kabisa: ploti yenye bomba, mlango wa bluu.