Wa Nne Hakutoka

Nyarugusu, Geita

Kwako dada yangu Mama Kulwa,

Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje, na mpunga mwaka huu umepata maji? Mimi naamka, nakohoa, nalinda karasha la watu, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kisha nalala. Hali yenyewe ndiyo hiyo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitanyamaza, kama nilivyonyamaza miaka yote hii.

Unakikumbuka kile kitabu cha katuni, alimonichora yule bwana wa Mwanza baada ya duara letu, lile shimo la dhahabu, kuporomoka? Ngosha Chuma, ndivyo alivyoniita, kifua kama cha dume la ng'ombe, joho jekundu, nimeinua mwamba kwa mkono mmoja. Wachimbaji wanne wamefukiwa, na wote wanne natoka nao. Nilimwambia mchoraji, "Mimi nilitoa watatu. Wa nne alikuwa shemeji yangu."

Akacheka kidogo. "Kaka, watoto hawanunui kitabu cha kilio."

Basi akamchora Baba Kulwa akitoka shimoni anapunga mkono. Nikakubali. Nilipenda kuitwa shujaa, dada, nisikudanganye. Kila kibanda nilipewa chai na chapati, watu wakapanga foleni kupiga picha na mimi.

Mwezi uliopita duara jingine liliporomoka, likamfukia mtu mmoja. Wachimbaji wakaja mbio hadi kwenye karasha. "Ngosha Chuma, twende!" Mimi huyu, magoti yamekwisha, kifua kimejaa vumbi. Nilifika mdomoni mwa shimo, nikachungulia lile giza, nikarudi nyuma. Mke wa aliyefukiwa akanishika shati.

"Babu, nilikusoma nikiwa shule. Uliwatoa wote."

"Sikuwatoa wote, mama."

"Kitabu kinasema..."

"Kitabu kinadanganya."

Akaniachia. Hakunitukana. Aligeuka tu kuwatazama wale wenye sururu na makoleo, ambao walikuwa wameshaanza kazi.

Walichimba tangu asubuhi hadi jua linazama, wakipokezana, wakisimika matimba, zile nguzo za miti, kila hatua ili udongo usiwarudie. Yule bwana akatoka hai. Mguu umevunjika, lakini hai, anaomba maji. Watu wakashangilia. Mimi niliondoka, nikarudi kwenye karasha peke yangu.

Kwa sababu nilikuambia mumeo alikufa palepale. Hakufa palepale, dada. Jiwe lilimbana kiunoni, na alikuwa anaongea. Alisema, "Luhende, usiniache." Nikamwambia naenda kuita watu. Nilipanda na yule wa tatu mgongoni, nikafika juu, wakaniuliza, "Kuna mwingine aliye hai?" Nikasema hakuna. Niliogopa wangenirudisha chini. Kesho yake tulipomtoa, kucha zake zilikuwa zimekwisha kwa kuchimba.

Nilimfunika mikono mwenyewe, ndiyo maana hukuiona.

Wasalimie Kulwa na Doto, wanao, walionikumbatia msibani. Msalimie na mama mkwe wako, aliyenishika kichwa akanibariki kwa kumrudishia mwili wa mwanawe. Kuwaambia au kutowaambia, nakuachia wewe. Msamaha sikuombi. Nimechoka tu kusifiwa juu ya kaburi la mumeo.

Usipojibu nitaelewa.

Mdogo wako,
Luhende