Makaa ya Kubeba Dawa

Jumapili, 2 Machi
Madaftari ya Kidato cha Tatu bado nasahihisha. Swali la tano wamekosa wote.

Mchana nilikuwa Malaba kwa Ouma, mdogo wangu. Miaka minne hajaanguka kifafa. Vidonge asubuhi na jioni, hakosi. Pale yadi anapoosha malori sasa wanamruhusu kupanda juu ya matangi. Anajivunia hilo kama cheo.

Nikawaeleza yeye na mkewe Nafula nilichosoma: wataalamu wanatengeneza chembe za kaboni, ndogo hata hadubini ya shule haizioni, za kubeba dawa mwilini hadi penye ugonjwa. Kwamba bado ni majaribio, hilo nililipitia haraka. Ouma akauliza, "Kwani mwalimu, ni hii carbon iko kwa makaa?" Nikaokota kipande kando ya jiko. Nikasema ndiyo, ni ndugu. Walinitazama midomo wazi. Napenda kusikilizwa.

Ijumaa, 14 Machi
Ouma ameanguka. Nyumbani, kando ya kitanda. Ameuma ulimi. Nafula anaapa hajaruka dawa hata siku moja. Nimemkataza Ouma kupanda malori. Ameahidi.

Jumanne, 18 Machi
Mara mbili jana. Kliniki wamemwongezea dozi. Nilishuku vidonge ni feki, nikakagua pakiti. Ni zile zile za siku zote. Naogopa. Darasani nimemfokea msichana bure.

Jumamosi, 22 Machi
Ouma amekufa. Saa nne asubuhi kifafa kilimshika juu ya tangi, akaanguka. Kichwa kikapiga saruji.

Alikuwa ameahidi.

Jumapili, 30 Machi
Tulimzika jana, nyumbani kwetu Namboboto. Watu wengi. Mimi sikulia, wakanisema.

Leo nilimsaidia Nafula kupanga nguo za Ouma. Nyuma ya vidonge kulikuwa na kopo la unga mweusi, laini kabisa. Nikauliza ni nini.

"Si ni makaa, mwalimu. Ya kubeba dawa. Nilikuwa natwanga, nachunga na kitambaa. Kijiko moja na kila tembe. Vile alianza kuanguka tukaongeza ikawa mbili." Kisha akauliza, "Ama ilikuwa kidogo?"

Nilitoka nje na lile kopo.

Makaa hunasa dawa tumboni, hayaiachilii iingie kwenye damu. Ndiyo maana hospitali humpa makaa maalumu mtu aliyemeza sumu. Nafundisha hayo kila mwaka. Kila Ouma alipoongeza kijiko alijipunguzia dawa, na aliongeza kwa sababu yangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nimewaandikia wanafunzi methali hiyo ubaoni mara ngapi?

Jumatano, 2 Aprili
Silali vizuri. Naweza kunyamaza. Hakuna atakayejua. Lakini jirani yake Nafula ana mtoto wa kifafa, na Nafula ni mtu wa kusaidia watu.

Jumamosi, 5 Aprili
Nimekwenda Malaba. Nafula alikuwa anachambua maharagwe. Nimemwambia yote, polepole, bila maneno makubwa.

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza, "Kwa hivyo ni mimi nilikuwa namtwangia?"

Nikasema hapana, ni mimi. Sijui kama alisikia. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Nikabandika maharagwe. Tukakaa hadi yakaiva.